Kikorea cha siku ya kufua: kutoka beseni hadi kamba

Wiki zangu tatu za kwanza Daegu, Korea Kusini, nilifua nguo kwa dawa ya kulainishia. Pakiti ilikuwa na picha ya maua na taulo zilizokunjwa vizuri, nami nikajiambia, sabuni si ndiyo hii? Nguo zikawa zinatoka zinanukia kama chumba cha bibi harusi, lakini kola za mashati zimebaki na weusi wake. Aliyenitoa tongotongo ni jirani yangu wa bwenini. Aliinyanyua ile pakiti, akaweka kidole chini ya silabi tatu, 유연제, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Wakati huo nilishajua kusema kwa Kikorea kwamba ninapenda muziki na kwamba ndugu zangu ni wanne. Kufua sikujua. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa leo huanzia hapa. Hangul, yaani herufi za Kikorea, nadhani unaisoma, hata kwa kudodosa. Matamshi nimeyaweka kwenye mabano kwa herufi za kawaida: "ae" isome kama "e" yetu, "eo" ni "o" ya midomo iliyolegea, "eu" ni "u" unayoitamka huku midomo inatabasamu.

Hatua ya 1: Weka Kiingereza pembeni

Wengi hujifunza Kikorea kupitia vitabu vya Kiingereza, na kwenye kufua ndipo vinapowapoteza, kwa sababu Mwingereza ana kitenzi kimoja kwa nguo, mikono, sahani na gari. Wewe hufui mikono, wala hunawi shati. Mkorea naye yuko hivyohivyo.

Kufua ni 빨다 (ppalda). Kunawa mikono au uso, na kuosha matunda, ni 씻다 (ssitda). Vyombo vina neno lao, 설거지 (seolgeoji), na hata nywele zina kitenzi chao, 감다 (gamda). Ukisema 옷을 씻어요 (oseul ssiseoyo), "ninanawa nguo", watu watakuelewa, ila watatabasamu kama sisi tunavyotabasamu mgeni anaposema anaenda kunawa suruali.

Kutoka 빨다 ndiko linakotoka neno utakalolisikia kila siku, 빨래 (ppallae): kazi ya kufua, na pia nguo zenyewe, chafu au zilizofuliwa. Hiyo ㅃ ya mwanzo ifanyie mazoezi. Weka kiganja mbele ya mdomo. Wazee wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini: la kwanza halitoi pumzi, la pili pumzi inagonga kiganja. 팔 (pal), mkono, ni wa porini. 빨래 ni wa nyumba, tena ubane koo kidogo zaidi. Pumzi isifike kiganjani kabisa.

Hatua ya 2: Vitenzi vya beseni

Vijifunze kwa mpangilio wa kazi, mikono yako ikiwa majini kweli. Fua soksi mbili kwenye beseni, 손빨래 (sonppallae), yaani kufua kwa mkono, na taja kila tendo unapolifanya:

담가요 (damgayo), ninaloweka.
빨아요 (pparayo), ninafua.
헹궈요 (henggwoyo), ninasuuza.
짜요 (jjayo), ninakamua.
널어요 (neoreoyo), ninaanika.
걷어요 (geodeoyo), ninaanua.
개요 (gaeyo), ninakunja.

Tazama 짜요. Sisi tunakamua nguo, tunakamua maziwa, tunakamua mafuta. Mkorea hutumia 짜다 kwa vyote vitatu. Sijui mwalimu gani angeweza kukupa zawadi nzuri kuliko hiyo. (Kina maana nyingine, "kuwa na chumvi nyingi", kwa hiyo ukilisikia mezani usitafute nguo.)

Kuanika na kuanua nako tumebahatika. Nimeona Wazungu darasani wakihangaika na 널다 na 걷다 kwa sababu kwao kila moja ni sentensi nzima. Kwetu ni neno kwa neno. Mtego uko kwenye 걷다 tu: kuna 걷다 nyingine ya kutembea kwa miguu, na hiyo hugeuka 걸어요 (georeoyo). Ya kuanua haigeuki, inabaki 걷어요.

Mimi tofauti hiyo ilinikaa siku moja ya Julai. Mwisho wa Juni hadi Julai ni majira ya mvua, 장마 (jangma), na bibi wa nyumba ya jirani alikuwa na kamba juu ya paa kama tulivyokuwa nayo uani kwetu. Tone la kwanza lilipoanguka alipaza sauti kwa mtaa mzima: 비 와요! 빨래 걷어요! (bi wayo, ppallae geodeoyo), mvua inanyesha, anueni nguo! Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi kabla akili haijatafsiri. Sauti ile ilikuwa ya shangazi yangu kabisa, anapopiga kelele tuanue nguo.

Ongeza jozi moja hapo. Kukauka ni 마르다 (mareuda), kukausha ni 말리다 (mallida), na uhusiano wake unaufahamu tayari, maana ni uleule wa kauka na kausha. 다 말랐어요? (da mallasseoyo), zimekauka zote? Kama bado zina unyevu: 아직 축축해요 (ajik chukchukhaeyo). Hata kiu yao ni "koo limekauka", 목이 말라요 (mogi mallayo).

Hatua ya 3: Nunua sabuni, si maua

Dukani usitazame picha. Tafuta silabi ya mwisho 제 (je), inayomaanisha dawa au kemikali ya kazi fulani, kisha soma kilicho mbele yake.

세제 (seje) ndiyo sabuni. Lakini ikitanguliwa na 주방 (jubang), jiko, hiyo ni ya vyombo, na ukiitia kwenye mashine utafukuzana na povu. Unataka 세탁세제 (setakseje). 섬유유연제 (seomyu yuyeonje) ni ile iliyoniaibisha, ya kulainisha na kunukisha. 표백제 (pyobaekje) ni ya kung'arisha nguo nyeupe. Sabuni ya unga ni 가루 (garu), ya maji ni 액체 (aekche), na ya kipande, ile tunayoijua sisi, ni 빨랫비누 (ppallaetbinu).

Kabla ya kulipa, angalia kama imeandikwa 드럼용 (deureomyong) au 일반용 (ilbanyong). Ya kwanza ni ya mashine yenye mlango mbele, nayo hutoa povu kidogo. Ya pili ni ya mashine inayofunguliwa juu, ambayo watu huiita 통돌이 (tongdori), "mzungusha pipa". Jina hilo nalipenda mno.

Hatua ya 4: Soma uso wa mashine

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa sababu vitufe vinaweza kufika ishirini na vyote ni Kikorea kitupu. Tuanze na vitatu vitakavyokuvusha leo. 전원 (jeonwon) ni kuwasha. 표준 (pyojun) ni ufuaji wa kawaida. 동작 (dongjak), ambacho mara nyingi kiko kitufe kimoja na 일시정지 (ilsijeongji), ni kuanza na kusimamisha kwa muda. Bonyeza kwa mpangilio huo, usiguse kingine, nguo zitafuliwa.

Kesho yake anza kuzisoma silabi kama familia. Maneno mengi ya mashine yana asili ya Kichina, na silabi zake hujirudia kwingine.

수 (su) ni maji. 온수 (onsu) maji ya moto, 냉수 (naengsu) maji baridi, 급수 (geupsu) maji yanaingia, 배수 (baesu) maji yanatoka. 탈수 (talsu) ni "kuondoa maji", yaani kule kuzungusha kwa kasi kunakokamua nguo. Angalizo: taulo ni 수건 (sugeon), lakini su hiyo ni ya mkono, si ya maji. Hangul inaziandika sawasawa, asili ndiyo tofauti.

세 (se) ni kuosha: 세탁 (setak), ufuaji, 세제, sabuni, 세수 (sesu), kunawa uso, 세차 (secha), kuosha gari.

기 (gi) mwishoni ni mashine: 세탁기 (setakgi) ya kufulia, 건조기 (geonjogi) ya kukaushia, 제습기 (jeseupgi) ya kunyonya unyevu hewani, ambayo wakati wa jangma utaiheshimu.

Vitufe vingine ni vile vitenzi vya beseni vilivyotiwa ㅁ mwishoni vikawa majina. 헹구다 imekuwa 헹굼 (henggum), na namba iliyo karibu nayo ni mara ngapi isuuze. 삶다, kuchemsha, imekuwa 삶음 (salmeum), kwa taulo na nguo za ndani nyeupe. Nguo ya sufu usiipeleke huko, itaruka mpaka imfae mtoto. 불림 (bullim) ni kuloweka. 이불 (ibul) si kitendo, ni blanketi nene la kulalia, na ufuaji wake una kitufe chake.

Viwili vya kuogopa. 통세척 (tongsecheok) ni kuosha pipa lenyewe la mashine, kwa hiyo ndani kusiwe na nguo hata moja. Na 예약 (yeyak): niliwahi kukibonyeza nikidhani ni cha kuanza, mashine ikawasha namba 6 na kunyamaza. Nikaipiga kofi. Kumbe nilikuwa nimeiwekea ahadi. Yeyak ni kupanga saa mapema, na ndilo neno hilohilo la kuweka nafasi mgahawani au kwa daktari.

Mwisho wa hatua hii jifunze namna watu wanavyosema kwa mdomo. Hawasemi "nimefua kwa mashine". Wanasema "nimeizungusha": 세탁기 돌렸어요 (setakgi dollyeosseoyo). Ikimaliza: 빨래 다 됐어요 (ppallae da dwaesseoyo), tayari.

Hatua ya 5: Mashine ya watu wengi

Bwenini au kwenye nyumba ya kushirikiana, maneno ni machache ila adabu ni nyingi. Kabla ya kuigusa mashine: 지금 써도 돼요? (jigeum sseodo dwaeyo), naweza kutumia sasa? Ukikuta nguo za mtu zimemaliza na mwenyewe hayupo, usizitoe. Andika kwenye kundi la simu: 빨래 다 됐어요. 빼 주세요 (ppae juseyo), tafadhali zitoe. Usiku wa manane usizungushe, kelele za ghorofa kwa ghorofa zina jina lake, 층간소음 (cheunggan soeum), na majirani huzigombania kwelikweli.

Ikiharibika, kuna sentensi yenye sura mbili. 물이 안 빠져요 (muri an ppajyeoyo): maji hayatoki, yaani mashine haimwagi. Lakini ukisema kuhusu nguo, 물이 빠져요, unasema inachuja rangi. Maji kwao ni rangi pia. Fua jinzi mpya peke yake.

Na kipindi cha baridi kali sikiliza spika ya ghorofa. Utasikia 세탁기 사용을 자제해 주시기 바랍니다 (setakgi sayongeul jajehae jusigi baramnida), tunaomba msitumie mashine za kufulia. Shika neno moja tu, 자제 (jaje), kujizuia. Mashine nyingi hukaa 베란다 (beranda), baraza lililofungwa vioo, na bomba la huko likiganda, maji ya wa juu hupanda kwenye baraza la wa chini. Mimi mtu wa Tanga sikuwahi kuwaza kwamba maji machafu yanaweza kugoma kushuka.

Hatua ya 6: Chumba cha kufulia mtaani

빨래방 (ppallaebang), "chumba cha nguo", kiko karibu kila mtaa wa wanafunzi, aghalabu saa 24 na bila mhudumu. Yanatosha maneno mawili: 동전 (dongjeon), sarafu, hasa ya won 500, na 동전교환기 (dongjeon gyohwangi), mashine ya kuchenji. Usitie sabuni kabla ya kusoma ukutani. Ukiona 세제 자동 투입 (seje jadong tuip), mashine inajitilia yenyewe.

Hatua ya 7: Kwa dobi

세탁소 (setakso) ni dobi na fundi cherehani kwa pamoja. Mwenyewe mwite 사장님 (sajangnim), bosi, hata kama duka lake ni la mlango mmoja. Usimwite kwa jina.

Mkabidhi koti kwa mikono miwili: 이거 드라이해 주세요 (igeo deurai hae juseyo), lisafishwe bila maji. Muoneshe doa: 얼룩 좀 빼 주세요 (eolluk jom ppae juseyo). Suruali ndefu: 기장 줄여 주세요 (gijang juryeo juseyo), nipunguzie urefu. Kisha swali la muhimu: 언제 찾으러 오면 돼요? (eonje chajeureo omyeon dwaeyo), nije kuchukua lini? Akikujibu 모레요 (moreyo), ni keshokutwa.

Siku ya kurudi utasema 찾으러 왔어요 (chajeureo wasseoyo). Kitenzi hicho, 찾다, ndicho cha kutafuta pia, na mara ya kwanza niliposoma kwenye daftari kwamba "nimekuja kuitafuta suti yangu", niliingia dukani roho juu. Bosi alivuta fimbo yenye ndoana, akaishusha kutoka darini ikiwa ndani ya nailoni, na karatasi yenye jina langu imebanwa kwenye kifungo: herufi tatu za hangul, moja imekosewa.