Kabla hujaanza mazoezi ya goti linalosagika

Goti likianza kusumbua kwenye miaka ya 45 na kuendelea, mama wengi huambiwa “pumzika tu.” Ukipumzika miezi, msuli wa paja unanywea, na goti linabeba mzigo ambao paja lingelisaidia. Mazoezi ndiyo tiba yenyewe, ila kuna mambo ya kuweka sawa kwanza.

Hakikisha ni kusagika kweli. Goti la aina hii hukaza asubuhi kisha hulegea ndani ya nusu saa, na huuma ukishuka ngazi au ukiinuka. Likivimba ghafla likawa la moto, ukipata homa, likikwama halikunjuki, au kama uliliangukia, nenda hospitali kwanza. Picha ya eksirei isikutishe: wapo wenye picha mbaya wanaotembea vizuri.

Kama una presha, vidonda vya tumbo au shida ya figo, usimeze diklofenaki (dawa ya maumivu) ya dukani ili “upate nguvu ya kufanya mazoezi.” Muulize daktari kama ile ya kupaka itakufaa.

Tafuta kiti imara, kiegemeze ukutani. Kigoda cha jikoni ni kifupi mno kwa kuanzia; hata kiti cha kawaida kikikushinda, ongeza mto juu yake. Zoezi ni kusimama na kuketi polepole, mara 8 hadi 10, siku mbili tatu kwa wiki. Kitandani, weka kanga iliyokunjwa chini ya goti, ikandamize kwa sekunde 5, achia.

Jambo ambalo wengi hawaandaliwi ni maumivu. Mwanzoni goti litauma, na hapo ndipo watu huacha. Jipimie kutoka 0 hadi 10: yakiishia 4 au 5, na kesho yake goti likawa kama lilivyokuwa, endelea. Yakizidi hapo au yakilala nawe hadi kesho, punguza idadi, usiache kabisa. Nafuu huja baada ya wiki 6 hadi 8, kwa hiyo usijihukumu wiki ya pili.

Uzito nao una hesabu yake: kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Ukihitaji fimbo ya kutembelea, ishike kwa mkono ulio upande wa goti lisilouma.