Okidi au ua jingine? Tazama mdomo wake

Ukipita kwenye miombo ya Tabora usiangalie chini tu, inua macho hadi kwenye panda za miti. Maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui huenda ni okidi iitwayo Ansellia africana. Usiamini rangi, hesabu: sepali 3 (vipande vya nje vya ua), petali 3 (vipande vya ndani), na kati ya petali hizo moja iko tofauti kabisa na wenzake, kama mdomo uliotokeza, hapo ndipo mdudu hutua. Katikati kuna kinguzo kimoja kifupi, sehemu za kiume na za kike zimeungana humo. Mizizi yake iliyo juu ya mti ni myeupe, ukiilowesha inageuka kijani. Wala hainyonyi mti, imejishikiza tu. Tafadhali usiing'oe. Piga picha ya ua mbele na ubavuni, kisha jani na gome.