Sinki la jikoni likiziba, anzia chini

Usikimbilie dawa ya kuzibulia. Mara nyingi uchafu umenasa kwenye kikombe cha plastiki chini ya sinki, kile kinachobakiza maji ya kuzuia harufu. Tega ndoo, kizungushe kwa mkono mpaka kifunguke. Spana hupasua plastiki. Toa mafuta yaliyoganda na punje za wali, sugua kwa brashi na sabuni ya vyombo. Ukirudisha, hakikisha washa (pete ya mpira inayozuia maji kuvuja) imelala sawasawa, la sivyo patavuja tu. Kikombe kikiwa safi na maji bado hayaendi, kizuizi kiko mbele, kwenye bomba linaloingia ukutani: ingiza humo waya wa kuzibulia huku ukiuzungusha. Na kama ulishamwaga kostiki soda, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba, usifungue kikombe bila glavu na miwani, wala usiongeze asidi. Vikikutana huchemka na kuruka usoni.