Perege mwenye kidevu kilichovimba

Kwa wanaovua perege kwa wavu Ziwa Jipe: ukiona jike kidevu kimevimba, mnasue, wavu ukiwa bado majini, usimpandishe mtumbwini. Amebeba mayai au vifaranga mdomoni, na hukaa nao hivyo kwa siku nyingi. Akitolewa majini hutapatapa na kuwatema wote, hata ukimrudisha umeshapoteza kizazi kizima. Na perege wa Jipe hapatikani nje ya bonde la mto Pangani, kwa hiyo kila jike ni muhimu mno.

Kumnasua hivyo hakusaidii kama wavu umelala usiku kucha na matamvua yake yamekwisha kubanwa. Basi kagua nyavu mapema, na uzitege mbali na mashimo ya kutagia kwenye maji mafupi.