Floti ishike 12V, pampu iachie rilei

Jamani wenye matangi ya samaki hapa Tanga, kabla hujaiunga ile floti ndogo ya plastiki (swichi ya boya inayowasha na kuzima pampu kwa kimo cha maji) moja kwa moja kwenye waya wa pampu subiri kwanza. Ndani yake kuna vibati viwili vyembamba ndani ya kichupa cha kioo na sumaku iko kwenye boya, nyingi zinabeba wati 10 tu, sasa pampu ikiwaka inavuta umeme mwingi kwa mpigo, vibati vinagandana, hapo boya lipande lishuke pampu haizimi ng'o. Alafu hiyo ni 230V, imelala kwenye maji ya chumvi unayotia mkono kila siku.

Tafuta adapta ya 12V (ya rauta ya zamani inatosha), rilei (swichi ambayo koili yake ikipata umeme mdogo inafunga kontakti za umeme mkubwa) ya koili ya 12V yenye kontakti za 10A 250V, na diodi 1N4007 (inapitisha umeme upande mmoja tu). Chanya inapita kwenye floti kisha koili, halafu inarudi hasi. Diodi ifunge sambamba na koili, ule mstari wake uwe upande wa chanya, ukigeuza ni shoti hiyo. Laivu ya pampu ndo inapita komoni (pini ya pamoja) na NO (pini inayobaki wazi koili ikiwa haina umeme) ya rilei, nyutro na ethi ziache zilivyo. Hapa kwenye 230V kama mkono si mzoefu mwite fundi umeme, hana gharama kubwa kuliko msiba.

Floti ipange iwe imefunga maji yakiwepo, yakipungua iachie. Hivyo waya ukikatika au adapta ikifa pampu inazima yenyewe, maana ikizunguka kavu inaungua, maji ndo yanaipooza. Ikifanya kinyume toa kiringi cha chini, geuza boya, rudisha. Pampu ya hewa iwe na laini yake usije ukaua samaki.

Pampu ya kujazia maji yaliyopungua kwa mvuke iwekee floti mbili mfululizo, hizi kinyume na ile ya kwanza, ziachie maji yakipanda, moja juu kidogo ya mwenzake, konokono akikwamisha ya chini ya juu inakata. Ndoo ya kujazia iwe ndogo, na maji yawe yasiyo na chumvi, si ya bahari, chumvi haiondoki na mvuke.

Boksi la rilei lisikae chini ya tangi wala karibu na mfuniko, upepo wa bahari wa huku Raskazone peke yake unatosha kufanya kontakti ziote kijani. Waya ushuke chini ya soketi ndo upande, tone liishie sakafuni. Breka ya kuvuja umeme ya 30mA ni lazima, na kila ukisafisha tangi, chomoa kwanza.