Ukiambiwa "ni hedhi tu": jinsi ya kwenda tena kwa daktari

Nina endometriosisi, ugonjwa wa mfumo wa uzazi unaoleta maumivu makali. Kwa miaka tisa niliambiwa maumivu hayo ni hedhi tu, ukizaa yataisha. Daktari wa nne ndiye aliyenisikiliza, na siku hiyo sikuwa naumwa kuliko siku nyingine. Nilikuwa nimebeba daftari.

Anza lako leo, liandike kwa miezi miwili au mitatu. "Naumwa sana" halitoshi, kila mgonjwa husema hivyo. Andika maumivu yamekuzuia nini. Langu lilisema: "Siku ya 1, nimetapika mara mbili, sikwenda kazini. Siku ya 2, kwenda choo kubwa kumeniuma kama nakatwa na kisu, nimelala sakafuni hadi alfajiri. Siku ya 16, sina damu, tendo la ndoa limeniuma mpaka kesho yake." Ile habari ya choo niliionea haya, nusura niifute. Ndiyo iliyomfanya daktari aache kuandika na kuniangalia. Katika endometriosisi, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake: kwenye ovari, kwenye kibofu, hata kwenye utumbo. Kwa hiyo sema yote, dada yangu, hata ya chooni na ya kitandani.

Ukiambiwa ultrasaundi ni safi, usiinuke kitini. Kipimo hicho huonyesha vizuri uvimbe wa ovari, lakini madoa madogo ya ugonjwa huu mara nyingi hayaonekani. Uliza: "Kimethibitisha kwamba sina, au hakijaona tu?" Kisha omba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake. Akikataa, mwombe kwa heshima aandike kwenye faili kwamba umeomba, na kwa nini amekataa. Mimi nilipoomba hivyo, rufaa niliandikiwa palepale.

Usiende peke yako. Mdogo wangu alisema sentensi moja tu, "Mimi ndiye ninayemwinua sakafuni," na hakuna aliyemwambia anatia chumvi.

Ibuprofeni mimi huinywa nikishakula, mara maumivu yanapoanza, sisubiri yapande. Wenye vidonda vya tumbo au shida ya figo wamuulize daktari kwanza. Dawa za homoni huwatuliza wengi. Ujauzito si tiba, hata akuambie nani.

Na daftari lipige nakala. La kwanza nililiacha kwa daktari, halikurudi.