Somo: Kukadiria hatari ya taka za angani kwa mwanaanga aliye nje ya kituo cha angani

Taka kubwa, za sentimita 10 kwenda juu, hufuatiliwa kwa rada na kituo huzikwepa. Anayefanya kazi nje anatishiwa zaidi na chembe zisizoonekana. Tufe la alumini la milimita 1 likija kwa kilomita 10 kwa sekunde lina nishati ya jouli 70 hivi.

1. Igawe suti ya mwanaanga. Glovu na mikono ni laini, kifua kina gamba gumu. Kila sehemu ipe eneo lake na kipenyo cha chembe kinachotosha kuitoboa. Ukitumia kipenyo kimoja kwa suti nzima, glovu zitaonekana salama kuliko zilivyo.

2. Tafuta kiwango: chembe za kipenyo hicho au zaidi zinazogonga mita moja ya mraba kwa mwaka. Modeli ya ORDEM ya NASA ni ya taka, MEM ni ya vimondo vidogo. Zitumie zote mbili, kila moja na kasi zake. Vimondo huja kwa wastani wa kilomita 20 hivi kwa sekunde.

3. Zidisha kiwango, eneo na muda, kisha jumlisha sehemu zote. Kwa mazoezi tu: kiwango 0.1, mita za mraba 3, saa 6.5 (mwaka 0.00074). Jibu, yaani uwezekano wa suti kutobolewa, ni 0.00022, au 1 kati ya 4,500. Kwa wanaanga wawili ni 1 kati ya 2,250. Wengi husahau kugeuza saa kuwa mwaka, na jibu linakua mara 8,766!

4. Kutoboka si lazima kuwe kifo. Suti ya Marekani ina oksijeni ya akiba ya dakika 30 hivi. Pima tundu ambalo akiba hiyo inaweza kulimudu, na muda wa kurudi mlangoni.

Maswali

Mwalimu, mahali pa kazi panabadilisha hesabu?
Sana. Taka nyingi huja kutoka mbele na ubavuni mwa mwendo wa kituo, hivyo anayefanya kazi nyuma ya moduli (chumba kimoja cha kituo) amekingwa. Eneo lililokingwa liondoe katika hatua ya 3.

Hatari ni kugongwa tu?
Hapana, ndugu. Chembe zikigonga vishikio vya kituo huacha vishimo vyenye kingo kali, na mwanaanga hushika vishikio hivyo muda wote wa kazi. Agosti 2007 mwanaanga wa NASA Rick Mastracchio alirudi ndani mapema baada ya kuona mkato kwenye glovu yake ya kushoto. Hatari hii haimo katika hesabu ya hapo juu. Hukabiliwa kwa kukagua glovu mara kwa mara kazi ikiendelea.